Miezi ya Kungoja: Hesabu ya Uzazi na Amani ya Wanandoa



Jumapili moja baada ya Misa, huko Kiegeani katika Kisiwa cha Mafia, mume na mke walitungoja mpaka watu wote walipoondoka. Kiegeani ni mahali padogo, na Wakatoliki wa kisiwa hicho ni wachache kati ya majirani zetu Waislamu. Kwa sababu hiyo hatutataja majina ya wanandoa hao wala kazi zao, na haya machache tunayoyasimulia tumeyaandika kwa ruhusa yao. Walikuwa wamefunga ndoa miezi 14 kabla ya siku ile. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupiga simu mara kadhaa kuuliza kulikoni. Shangazi mmoja alikuwa amemtaja mganga. Mume alikaa kimya akitazama chini, mke ndiye aliyesema: “Padre, tumemkosea Mungu nini?”

Tuliwajibu kwa methali ambayo kila mmoja wetu ameilelewa nayo: subira yavuta heri. Tukawaombea, tukawabariki, tukaagana nao. Baada ya miezi 11 mke alirudi peke yake. Ndugu za mume walikuwa wameanza kusema waziwazi kwamba arudishwe kwao, na mume hakuwa na la kuwajibu.

Siku hiyo tulitambua kwamba jibu letu la kwanza halikuwa la uongo, lakini halikutosha. Tuliwaambia wangoje, bila kuwaeleza kungoja huko kuna maana gani, kunapimwaje, na ni lini mtu mwenye busara anapaswa kuinuka na kutafuta msaada. Elimu hiyo ipo. Wataalamu wa takwimu wameishughulikia kwa takriban miaka 100, na sehemu yake kubwa, kama tutakavyoona, imetoka katika vitabu vya parokia na katika nyumba za wanandoa Wakatoliki. Makala hii ni deni tunalolilipa kwa kuchelewa.

Elimu iliyoanzia katika vitabu vya ubatizo

Mwaka 1924 mwanatakwimu wa Italia, Corrado Gini, alipendekeza kwamba uwezo wa kuzaa upimwe kwa njia mpya. Badala ya kuuliza tu mwanamke amezaa watoto wangapi, aliuliza: katika mwezi mmoja, mwanamke aliyeolewa, asiyezuia mimba na asiye mjamzito, ana uwezekano gani wa kutunga mimba? Swali hilo laonekana dogo, lakini liligeuza mambo. Kuanzia hapo kungoja hakukuwa tena fumbo tupu. Kulikuwa jambo linaloweza kuhesabiwa mwezi kwa mwezi.

Hesabu zilihitaji kumbukumbu, na kumbukumbu zilikuwa katika makabati ya maparoko. Mfaransa Louis Henry, akishirikiana na Étienne Gautier, alichapisha mwaka 1958 utafiti juu ya parokia ya Crulai huko Normandy. Walichukua vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya karne ya 17 na ya 18, wakaziunganisha familia moja moja: tarehe ya ndoa, tarehe ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Muda kati ya ndoa na kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza ulikuwa na thamani ya pekee. Ukiondoa miezi tisa ya ujauzito, unapata muda ambao wanandoa walingoja. Kwa mtoto wa pili na wa tatu hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa kunyonyesha huchelewesha kurudi kwa rutuba ya mama. Lakini kwa bibi arusi ambaye hajazaa, kalenda inasema bila kificho.

Kazi ya namna hiyo imefanyika pia kwetu. Mtafiti Sarah Walters wa Uingereza alitumia vitabu vya parokia za Kikatoliki za kaskazini-magharibi mwa Tanzania kuchunguza uzazi, vifo na ndoa katika karne ya 20. Alitumia pamoja na hivyo madaftari ya hali ya roho, ambamo wamisionari waliandika familia za waamini, nyumba kwa nyumba. Katekista aliyeandika kwa kalamu ya wino tarehe ya ubatizo wa mtoto hakujua kwamba alikuwa akiwaandalia wajukuu zake sayansi. Nasi tunaoandika katika vitabu hivyo leo tukumbuke jambo hilo tunaposhawishika kuacha mstari wazi.

Mfano wa kwanza: wote wana nafasi sawa

Sasa tuhesabu. Tutatumia mfano wa kubuni, wenye namba rahisi, ambao kila msomaji anaweza kuufuatilia kwa kalamu na karatasi.

Chukua wanandoa 100 waliofunga ndoa mwezi mmoja. Tuseme kila mwezi kila mmoja wao ana nafasi ya asilimia 20, yaani moja kati ya tano, ya kutunga mimba. Mwezi wa kwanza 20 wanafanikiwa, wanabaki 80. Mwezi wa pili asilimia 20 ya hao 80 ni 16, wanabaki 64. Mwezi wa tatu wanabaki 51. Baada ya miezi 6 wanabaki 26, na baada ya miezi 12 wanabaki 7.

Tusimame kidogo kwa hao 7. Katika mfano huu hawana kasoro yoyote. Afya yao ni sawasawa na ya wale 20 waliofanikiwa mwezi wa kwanza. Wao ni kama mvuvi aliyetega dema mahali pazuri akalikuta tupu siku kadhaa mfululizo: utupu wa jana haulifanyi dema la leo kuwa baya. Kwa bahati ya kawaida tu, bila dhambi, bila laana na bila ugonjwa, wanandoa 7 kati ya 100 wangeadhimisha mwaka mmoja wa ndoa bila mimba.

Jambo hili pekee lingetosha kunyamazisha maneno mengi ya jikoni na barazani. Lakini wataalamu walipolinganisha hesabu hii na maisha halisi, waligundua kwamba haikubaliani nayo. Katika maisha halisi wanaobaki baada ya mwaka ni wengi kuliko hesabu inavyotabiri.

Mfano wa pili: watu hawafanani

Sababu ni kwamba watu hawafanani. Daktari na mwanatakwimu Mindel Sheps aliliweka jambo hilo katika lugha ya hesabu mwaka 1964. Mwaka 1986 Clarice Weinberg na Beth Gladen wa Marekani walieleza modeli ambayo inatumika hadi leo: kila jozi ya wanandoa ina nafasi yake ya kila mwezi, na nafasi hizo zimetawanyika, za wengine zikiwa kubwa, za wengine ndogo, na za wachache ndogo sana.

Turudie hesabu yetu kwa wanandoa 100 wasiofanana. Tuseme 60 wana nafasi ya asilimia 30 kila mwezi, 30 wana nafasi ya asilimia 10, na 10 wana nafasi ya asilimia 2. Mwezi wa kwanza watafanikiwa 21 hivi, karibu sawa na mfano wa kwanza. Baada ya miezi 3 watabaki 52; mfano wa kwanza ulitupa 51. Mpaka hapo hakuna tofauti ya kuonekana. Lakini baada ya miezi 6 watabaki 32 badala ya 26, na baada ya miezi 12 watabaki 17 badala ya 7.

Ni akina nani hao 17? Wa kundi la kwanza, lenye nafasi ya asilimia 30, karibu wote wamekwisha kupata mimba. Anaweza kubaki mmoja. Wa kundi la kati wamebaki kama 8, na wa kundi la nafasi ndogo sana kama 8. Ukiichukua nafasi ya wastani ya wote waliobaki, haiwi tena asilimia 21 kama mwezi wa kwanza, bali asilimia 7 hivi.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, nasi tuliwahi kupotoka. Wanaona nafasi imeshuka kutoka 21 hadi 7, wakadhani kwamba miili ya wanandoa imeharibika kwa kungoja, au kwamba kuna mtu amewafunga. Sivyo. Mfikirie mkwezi anayeangua nazi katika shamba la Mafia, akaanza na minazi mifupi. Kadiri mchana unavyoendelea kazi yake inazidi kuwa nzito, lakini si kwa sababu minazi imerefuka tangu asubuhi. Mifupi imekwisha, imebaki mirefu. Vivyo hivyo katika hesabu yetu hakuna hata jozi moja ambayo nafasi yake ilipungua mwaka ule. Kilichobadilika ni kundi: wenye nafasi kubwa wameondoka, na wenye nafasi ndogo wamebaki.

Kwa hiyo muda wa kungoja ni kama shahidi. Mwezi mmoja au miwili hausemi chochote. Miezi 6 inaanza kunong’ona. Miezi 12 inasema kwa sauti ya kusikika kwamba yawezekana ninyi ni kati ya wale wenye nafasi ndogo. Si hakika, bali yawezekana. Shahidi huyo si hakimu. Katika mfano wetu, kati ya hao 17 walioumaliza mwaka bila mimba, kama 9 wataipata katika mwaka wa pili. Hayo hayako mbali na wanayoyaona madaktari: zaidi ya wanandoa 80 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja, na miongoni mwa waliobaki karibu nusu huipata katika mwaka unaofuata.

Mwezi wa kalenda na mwezi wa kweli

Hesabu hizi zina sharti moja: mwezi unaohesabiwa uwe mwezi ambao mume na mke wamekutana katika siku za rutuba. Siku hizo ni chache. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995 juu ya wanawake 221 wa North Carolina nchini Marekani, ulionyesha kwamba mimba ilitungwa ndani ya siku 6 tu za mzunguko, zinazoishia na siku ile yai linapotoka.

Kabla yake, mwaka 1969, John Barrett na John Marshall walikuwa wamekadiria uwezekano wa mimba kwa kila siku ya mzunguko, wakitumia kumbukumbu za wanandoa 241 wa Uingereza waliokuwa wakifuata njia ya kupima joto la mwili. Marshall alikuwa daktari Mkatoliki, na wanandoa hao walipatikana kupitia huduma ya Kikatoliki ya ushauri wa ndoa. Waume na wake hao, walioandika joto la mwili kila asubuhi kwa ajili ya kulitii Kanisa, ndio waliowapa wataalamu wa dunia nzima daftari la kwanza la aina hiyo. Njia ya kuangalia ute, iliyoanzishwa na John na Evelyn Billings huko Melbourne, inafundishwa pia kwetu Tanzania. Wengi wanadhani ni njia ya kuahirisha mimba tu. Kumbe inawasaidia vilevile wanaoitafuta.

Kwa Kiegeani na kisiwa kizima cha Mafia jambo hili lina uzito wake. Wapo wavuvi wanaokwenda dago kwa majuma mengi. Wapo watumishi waliopangiwa kazi kisiwani huku wenzi wao wakiwa Dar es Salaam au Morogoro, nao hukutana pale ruhusa ya kazi, nauli na kivuko cha Nyamisati vinapokubaliana. Wanandoa wa namna hiyo wanaweza kuwa na miezi 14 ya ndoa na mizunguko mitatu au minne tu ya kweli. Kuwaita tasa ni dhuluma. Kabla ya kumhukumu mtu, hesabu kwanza siku walizolala chini ya paa moja.

Shuhuda zinazotudanganya

Tuliyataja makadirio ya wale 17 na wale 9 kwa makusudi. Tuseme wote 17 walioumaliza mwaka bila mimba wanakwenda kwa mganga mmoja. Mwaka unaofuata 9 wanapata mimba, kama ambavyo wangepata bila kwenda popote. Hao 9 watasimulia sokoni na kwenye harusi. Wale 8 watanyamaza, kwa aibu na kwa huzuni, nao hawataulizwa. Mganga amepata mashahidi 9 bila kufanya lolote, na fedha na kuku wa watu 17. Wala haina maana kwamba mashahidi hao ni waongo. Kila mmoja anasema kweli yake. Kosa liko katika kuwasikiliza wao tu.

Nasi mapadre tusijitoe katika hesabu hiyo. Tunapoitangaza novena fulani kwa kuhesabu wajawazito, tunafanya biashara ile ile kwa nguo nyingine. Sala si dawa inayopimwa kwa matokeo. Tunamshukuru Mungu kwa mtoto aliyetungwa mwezi wa kwanza kama kwa aliyetungwa mwaka wa tano, na tunasali pamoja na yule asiyepata, kwa sababu yeye naye ni mwana wa Baba.

Wataalamu wa takwimu wanaufahamu mtego huu. Ukienda kliniki ya wajawazito ukauliza kila mama alingoja muda gani, utapata jibu zuri kupita kiasi, kwa kuwa wale ambao hawajapata mimba hawako kwenye foleni ile. Kwa hiyo mtafiti makini huwafuata wanandoa tangu mwanzo, na utafiti ukifika mwisho huku wengine bado wanangoja, hawatupi nje ya hesabu. Anaandika: “Angalau miezi 14, bado.” Alama hiyo ya “bado” ina thamani kamili katika modeli yake. Laiti jumuiya zetu ndogo ndogo zingekuwa na daftari la namna hiyo, ambamo anayengoja anahesabiwa kuwa anangoja, si kuwa ameshindwa.

Wakati wa kuinuka

Shirika la Afya Duniani linauita ugumba hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya tendo la ndoa la mara kwa mara bila kizuizi. Kwa mujibu wa taarifa yake ya mwaka 2023, mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukutana na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Sasa tunaona kwa nini ulichaguliwa mwaka mmoja: ni pale ambapo wengi wa wenye nafasi kubwa wamekwisha kutoka kundini. Kabla ya hapo vipimo vingi vingekuwa bure. Baada ya hapo kuendelea kungoja bila kuuliza ni kupoteza muda. Mwanamke mwenye umri wa miaka 35 au zaidi asingoje mwaka. Miezi 6 inatosha, maana kwake muda wenyewe unapunguza nafasi. Na mwenye hedhi isiyo na mpangilio, maumivu makali ya nyonga au historia ya maambukizi ya njia ya uzazi aende mapema zaidi.

Tunasisitiza neno moja: waende wote wawili. Katika karibu nusu ya wanandoa wenye shida hii mwanaume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo katika vijiji vyetu anayepimwa, anayenyweshwa dawa na anayerudishwa kwao ni mwanamke. Uwezo wa mwanaume katika tendo la ndoa si uthibitisho wa uzazi wake, na kipimo cha mume ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mke. Wanandoa Wakatoliki wamweleze daktari kwamba wanahitaji kipimo hicho kichukuliwe kwa namna inayoheshimu tendo la ndoa. Namna hiyo ipo.

Sababu nyingi za hapa kwetu zinazuilika. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 uliona kwamba wanawake wa Afrika waliotafuta matibabu ya ugumba walikuwa na madhara ya maambukizi, hasa kuziba kwa mirija ya uzazi, kuliko wanawake wa mabara mengine. Kisonono na klamidia zisizotibiwa, na maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, hufunga njia kimyakimya. Historia yetu inalifahamu jambo hilo: enzi za ukoloni, huko Buhaya na Buganda, wamisionari na serikali walihangaishwa na uzazi mdogo uliohusishwa na magonjwa ya zinaa. Ndiyo sababu pia ugumba unaokuja baada ya mtoto wa kwanza ni wa kawaida zaidi katika nchi zetu kuliko ule wa kutozaa kabisa. Mama mwenye mtoto mmoja anayeambiwa “wewe umejifunga mwenyewe” huenda anahitaji daktari, wala hahitaji lawama.

Ndoa haivunjwi na kalenda

Sasa tuseme lile ambalo ndugu za mume wa Kiegeani hawakulijua. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1084, kifungu cha tatu, inasema kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Jambo tofauti ni udanganyifu: mtu akijua hali yake na kuificha kwa makusudi ili apate kibali cha mwenzake, kanuni ya 1098 inahusika. Lakini wanandoa waliopeana kibali kwa moyo mnyofu, kisha wakangoja mwaka, miaka mitano au maisha yote, ni mume na mke kwa ukamilifu ule ule wa wenye watoto tisa. Hakuna mama mkwe, hakuna kikao cha ukoo na hakuna padre mwenye mamlaka ya kumrudisha mke kwao kwa sababu hiyo.

Kanisa linafundisha pia, katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987, kwamba mtoto ni zawadi, si haki anayoidai mtu kama mali. Kwa msingi huo linahimiza tiba zinazosaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake, kama kutibu maambukizi, kurekebisha homoni au kufungua mirija, na halikubali njia zinazoliweka tendo hilo kando, kama kutunga mimba katika maabara. Tunajua kwamba kwa anayengoja mafundisho haya ni magumu, nasi hatuyasemi kwa wepesi. Wosia Amoris Laetitia wa mwaka 2016 uliwakumbusha wanandoa wasio na watoto kwamba upendo wao unaweza kuzaa kwa njia nyingine, mojawapo ikiwa kuasili mtoto. Nchini mwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaelekeza utaratibu wake, na ofisi ya ustawi wa jamii ndipo pa kuanzia.

Tukiandika haya tunamkumbuka Hana, mama wa nabii Samweli. Mwaka baada ya mwaka alipanda kwenda hekaluni akidhihakiwa na mke mwenza, na alipomimina moyo wake mbele ya Bwana kwa midomo inayotetemeka, kuhani Eli alidhani amelewa. Kuhani hakuwa mtu mbaya. Alihukumu kabla ya kuuliza. Sisi tulimjibu Hana wa Kiegeani kwa methali, kabla ya kumwuliza hata swali moja. Eli alipoelezwa aliyabadilisha maneno yake, nasi tumejaribu kumfuata katika hilo.

Tulimtafuta mume. Tulikaa naye kwa saa nyingi, tukaichora ile hesabu ya 100 kwenye karatasi, tukasoma pamoja kanuni ya 1084. Hatimaye alikwenda hospitali pamoja na mkewe, na yeye ndiye aliyeongea na ndugu zake. Wanaishi pamoja. Hatutasema vipimo vilionyesha nini, maana matokeo hayo ni yao. Wala hatutasema kama wamepata mtoto, kwa sababu habari hiyo, iwe ya furaha au ya huzuni, ingeigeuza makala hii kuwa ushuhuda mwingine wa kunong’onezana, na msomaji anayengoja angejipima kwa huo.

Tunawaomba waamini jambo moja. Mnapokutana na wanandoa wapya, katika jumuiya au msibani, msiulize “Vipi, bado?” Mwulizeni mtu habari za kazi, za afya, za safari ya kivuko. Na ninyi mnaongoja: andikeni tarehe zenu, hesabuni miezi ya kweli, na mwaka ukitimia nendeni wote wawili. Mkitaka padre awasindikize, mlango wa nyumba yetu haufungwi mapema.

Mungu awabariki.